Riwaya za Kiswahili kwa mtu mzima aliyeziacha shuleni: mapendekezo na tathmini

Wakuu, salaam.

Watu wengi waliomaliza shule zamani, ambao sasa wana kazi na familia, huuliza swali moja: nikitaka kurudi kwenye riwaya za Kiswahili, nianze na ipi? Jibu wanalopewa kwa kawaida ni majina matupu. Mmoja atataja Shaaban Robert, mwingine atamtaja Kezilahabi, wa tatu atasema Adam Shafi, na mazungumzo yanaishia hapo. Mtoa jibu akibanwa aeleze sababu, atarudia yale ambayo kila aliyesoma Kiswahili sekondari anayajua kwa moyo: dhamira kuu ni ukombozi, migogoro ni ya kitabaka, ujumbe ni kwamba umoja ni nguvu, kisha kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Hayo ni majibu ya mtihani. Darasani yalikuwa na kazi yake, lakini mtu anayetaka kukipa kitabu fedha yake na jioni zake anastahili kuambiwa mambo mengine kabisa, yaani kitabu kinaanzaje, kinakwenda kwa kasi gani, Kiswahili chake ni cha wapi, kinamdai msomaji kitu gani, na ni sehemu zipi zinachosha.

Kutaja jina la mwandishi peke yake ni hatari zaidi, kwa sababu waandishi wetu wakubwa hawakuandika kwa namna moja maisha yao yote. Mtu aliyeipenda Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), hadithi ya wazi kabisa ya binti wa Ukerewe aliyelelewa kwa ukali na baba yake Zakaria, akiambiwa "msome Kezilahabi" anaweza kuishika Nagona (1990) na kuitupa kabla ya ukurasa wa kumi. Na aliyezoea Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980) atakutana na jambo tofauti sana katika Babu Alipofufuka (2001), ambamo mzimu wa babu unamrudia mjukuu wake, mkubwa wa serikali aliyejineemesha, anayeitwa kwa herufi moja tu, K. Kwa hiyo naomba katika uzi huu tupendekeze kitabu, tuseme na jinsi kinavyosomeka. Naanza na ninavyovijua vizuri.

Cha kwanza ni Vuta N'kuvute ya Adam Shafi (1999). Najua wengi mliisoma kidato cha tano na sita pamoja na Kufikirika, Mfadhili na Usiku Utakapokwisha, na huenda mkaona hakuna haja ya kuirudia. Ipo haja kubwa. Hadithi inatokea Zanzibar katika miaka ya 1950. Yasmin, msichana wa Kihindi ambaye bado ni mtoto, ameozwa kwa Bwana Raza, mwenye duka ambaye kwa umri angeweza kuwa babu yake. Anapoikimbia ndoa hiyo, jamaa zake wanamfungia milango, na anayempokea ni Mwajuma, shoga yake wa mtaa wa Ng'ambo. Kwa Mwajuma ndiko anakokutana na Denge, kijana aliyesoma Urusi na anayewindwa na polisi wa kikoloni chini ya Inspekta Wright.

Darasani tuliambiwa kwamba shujaa ni Denge, na Mwajuma akawekwa kwenye fungu la wahusika wasaidizi. Ukiisoma ukiwa mtu mzima utaona kwamba moyo wa kitabu umo katika chumba cha Mwajuma. Ni mwanamke maskini, mwimbaji wa taarabu, mpenda starehe, asiyejua lolote la nadharia za siasa. Lakini yeye ndiye anayempa kitanda na chakula binti wa kabila jingine na dini nyingine bila kumsaili, katika mji ambao kila mtu anapimwa kwa asili yake. Denge anapozungumza, mara nyingine unasikia karatasi zile za siasa anazozisambaza kwa siri. Mwajuma anapozungumza, unamsikia mtu. Hii ndiyo kasoro ya riwaya na ndiyo nguvu yake pia: Shafi alitaka kuandika juu ya harakati, na akafanikiwa zaidi kuandika juu ya urafiki wa wanawake wawili.

Kuhusu usomekaji, hakuna riwaya ya Kiswahili yenye thamani hii inayokwenda kwa wepesi kama hii. Misako ya polisi, kutoroka usiku, barua, safari ya kuvuka hadi Mombasa, vyote vinakusukuma mbele. Kiswahili chake ni cha Unguja, kilichojaa utani na mafumbo ya mtaani, na msomaji wa bara atakutana na maneno asiyoyajua, ila muktadha unamsaidia. Ilitengenezewa filamu na Amil Shivji mwaka 2021, na mwaka uliofuata Tanzania iliiteua iwakilishe nchi kwenye tuzo za Oscar. Filamu ni nzuri, ila imechagua njia yake na imechukua sehemu tu ya hadithi. Someni riwaya kwanza.

Akishaipenda hiyo, msomaji anaweza kurudi nyuma kwenye Kuli (1979), inayohusu wafanyakazi wa bandarini na mgomo wa 1948, au kusonga mbele kwenye Haini (2003). Haini ni nzito zaidi. Inatokana na kamatakamata iliyofuata kuuawa kwa Rais Abeid Amani Karume tarehe 7 Aprili 1972, na Shafi mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliotiwa kizuizini. Hapa hakuna wepesi wa Vuta N'kuvute. Kuna kungoja, kuhojiwa, na muda usiokwenda. Nisingempa mtu anayerudi kusoma kwa mara ya kwanza, lakini kwangu ndicho kitabu bora cha Shafi.

Cha pili, na hapa naomba mnivumilie kwa urefu, ni Peponi ya Abdulrazak Gurnah. Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akaenda Uingereza akiwa kijana, na mwaka 2021 akapata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi. Riwaya hii aliichapisha kwa Kiingereza mwaka 1994, na katika mwaka huohuo ikafika kwenye orodha fupi ya Tuzo ya Booker. Tafsiri ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis, mhadhiri wa chuo cha SOAS mjini London, ilitolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Kwa hiyo kwa miaka ishirini na minane hadithi ya watu wa pwani na bara letu ilisomwa kila mahali kabla ya kusomeka katika lugha ambayo wahusika wake wenyewe wangeizungumza.

Yusuf ana umri wa miaka kumi na miwili. Baba yake ana hoteli isiyoingiza kitu katika mji mdogo wa Kawa, unaopitiwa na reli iliyojengwa na Wajerumani. Mara kwa mara anafika mgeni, tajiri Aziz, mwenye kanzu safi na manukato, na kila anapoondoka humwachia Yusuf sarafu ya anna kumi. Mtoto anamtazamia mgeni huyo kwa hamu, kwa ajili ya sarafu na kwa sababu siku hizo nyumbani kunapikwa chakula kizuri. Kisha siku moja anaambiwa afunge mzigo wake, atasafiri na Aziz. Hakuna anayemweleza kwamba amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Atayajua hayo baadaye kutoka kwa Khalil, kijana mwingine aliyewekwa rehani kabla yake, wanayelala naye barazani mbele ya duka la Aziz, na ndiye anayemfundisha kuuza, kuhesabu na kuelewa kwamba tajiri yule si jamaa yake hata chembe.

Angalieni jinsi Gurnah alivyomwumba Aziz. Hapayuki, hapigi mtu, hatukani. Ana adabu, anasali, anazungumza kwa upole, na sijawahi kukutana katika riwaya zetu na mtu anayetisha kama yeye. Tumezoea dhalimu mwenye tumbo kubwa na sauti ya kufoka, ambaye tangu anapotokea tunajua tumchukie. Aziz anatuachia kazi hiyo wenyewe. Unajikuta unamheshimu, kisha unakumbuka jinsi utajiri wake ulivyopatikana, na mwandishi hakusaidii kuamua.

Yupo pia mzee Hamdani, mtunza bustani, ambaye zamani alikuwa mtumwa. Alipopewa uhuru na bibi yake aliukataa, na sababu yake, anapomweleza Yusuf, ni swali: nani alimwambia bibi yule kwamba uhuru ni mali yake hata aweze kumpa mtu zawadi? Ni mazungumzo mafupi sana, na yanabeba mjadala mzima wa utumwa wa pwani ambao sisi wenyewe bado tunauzungumza kwa kunong'ona. Kitabu hakimtetei Mwarabu, Mswahili, Mhindi, Mjerumani wala chifu wa bara. Msafara wa Aziz unapofika kwa Chatu na kuporwa kila kitu, tunaelezwa kwamba Chatu naye alikwisha kudhulumiwa na mfanyabiashara aliyewatangulia. Anayeamua kesi ile ni Mzungu anayetokea na askari wake, na kuanzia hapo msomaji anajua kwamba biashara za misafara zimekwisha.

Kasoro? Katikati, kabla ya msafara mkubwa, Yusuf anaachwa kwa muda katika mji wa milimani nyumbani kwa Hamid, na kurasa hizo zinakwenda taratibu. Aliyezoea vituko kila sura ataona uvivu. Nawasihi msiruke, maana ni humo zimo hadithi zinazosimuliwa na wageni, juu ya nchi za mbali na za milango ya peponi, na bila hizo jina la kitabu halina uzito. Mwisho wake sitausimulia. Nitasema tu kwamba umewagawa watu wengi niliozungumza nao, na wapo wanaomkasirikia Yusuf kabisa.

Kwa wasio na muda wa riwaya, chukueni Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, mkusanyiko uliohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda. Hadithi yenye jina hilo ni ya Said Ahmed Mohamed. Jitu la mtu linaingia kwenye mkahawa katika mtaa wa mabanda wa Madongoporomoka, linaagiza chakula chote kilichopikwa, linakimaliza mbele ya macho ya watu, na linaahidi kurudi kwa zaidi. Walio wazima wanafahamu mara moja ni nani anayekula mtaa wao, na mzee Mago, ambaye hana elimu kubwa ya sheria, ndiye anayeanza kuwakusanya wenzake. Inasomwa kwa kikao kimoja.

Nagona naiweka mwisho kwa makusudi. Ni kitabu chembamba, na wembamba huo unadanganya. Hakuna kisa kinachokwenda kutoka hapa hadi pale. Kuna mtu anayetafuta, miji iliyokufa, mazungumzo ya kifalsafa, ndoto ndani ya ndoto. Kisomeni upesi mara ya kwanza bila kusimama kuuliza maana, halafu kisomeni polepole. Mzingile (1991) inaendeleza safari hiyo. Aliyekwisha kuzoea ushairi huru wa Kezilahabi katika Kichomi (1974) atapata njia kwa urahisi zaidi, kwa kuwa nathari ya Nagona imeandikwa kwa sikio la mshairi.

Karibuni mchangie, na tafadhali msitupe majina bila maelezo.

Mchangiaji, mwalimu wa sekondari, Kenya

Shukrani kwa mwanzisha uzi. Nakubaliana na tathmini ya Peponi, lakini naona umeubebesha mtihani lawama kupita kiasi. Huku kwetu, bila utaratibu wa vitabu teule, maelfu ya vijana wasingegusa riwaya ya Kiswahili hata moja. Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora (2012) ilisomwa na nchi nzima kwa sababu ilitahiniwa, na mpaka leo nakutana na watu wazima wanaowakumbuka Amani na Mtemi Nasaba Bora kama watu waliowahi kuishi nao kijiji kimoja. Tatizo kubwa ni miongozo. Mwanafunzi ananunua mwongozo wenye muhtasari, wahusika na maswali na majibu, anaukariri, anafaulu, na riwaya yenyewe inabaki mpya. Katika Kidagaa, Mwalimu Majisifu anaiba mswada wa kijana Amani na kuuchapisha kwa jina lake. Nimewahi kuwafundisha wanafunzi waliolijua tukio hilo kama nukta ya tatu chini ya "ufisadi", bila kuwahi kusoma ukurasa ambao Amani anajua kwamba kazi yake imeibwa. Linaniuma sana jambo hili.

Kwa mtu mzima anayerudi, mimi ningetanguliza Siku Njema (1996) ya Walibora huyohuyo, aliyetutoka mwezi Aprili 2020. Kijana Kongowea Mswahili, mwana wa mwimbaji wa taarabu, anatoka Tanga akimtafuta baba ambaye hajapata kumwona, na safari inamfikisha hadi Kitale. Kiswahili chake ni cha kujipamba, methali juu ya methali, na wapo watakaosema kimezidi. Naona kinafaa, kwa sababu Kongowea mwenyewe ni mpenzi wa lugha na anasimulia kama mtu anayefurahia kila neno. Ningeongeza Bina-Adamu! ya Kyallo Wadi Wamitila (2002), ya safari ya ajabu katika dunia iliyogeuzwa kijiji kimoja, kama daraja la kumfikisha mtu kwenye Nagona.

Nina maswali mawili. Mbona umetaja wanaume watupu? Na je, Ziraili na Zirani ya William Mkufya inamfaa anayeanza?

Mwanzisha uzi

Mwalimu, ahsante sana. Kuhusu miongozo umesema kweli tupu, na huku Tanzania vitabu vya tahakiki vinafanya kazi ileile. Hata hivyo sidhani kama tunapingana. Kitabu teule kinamfikia kijana, hilo ni jema. Hoja yangu ni kwamba kijana huyo anapokuwa mtu wa miaka arobaini, namna pekee ya kukizungumzia kitabu anayoijua ni ile aliyofanyia mtihani, ndiyo maana hawezi kumshawishi mwenzake akisome. Mfano wako wa mswada wa Amani umenishawishi nikitafute Kidagaa upya kuliko uchambuzi wowote wa dhamira.

Daraja la Bina-Adamu! nalipokea. Siku Njema pia, ingawa ningemwonya msomaji kwamba matukio ya kukutana kwa bahati ni mengi, na anayetaka uhalisi mkavu atasumbuka.

Kuhusu waandishi wanawake, swali lako ni la haki. Mungu Hakopeshwi ya Zainab Alwi Baharoon, mwandishi wa Zanzibar, ilishinda Tuzo ya Mabati-Cornell, ya fasihi ya Kiswahili, kwa upande wa nathari mwaka 2018, na ningependa aliyeisoma karibuni atuandikie tathmini kamili hapa, maana wanaoitaja wengi wanaishia kwenye tuzo. Chozi la Heri ya Assumpta Matei na Nguu za Jadi ya Clara Momanyi wewe umezifundisha au umekaa karibu na waliozifundisha, hivyo nakuomba uziandikie kwa namna uliyoandikia Siku Njema. Tuzo hiyohiyo ilimtoa Ali Hilal Ali na Mmeza Fupa mwaka 2017, na mwaka huo kwa upande wa ushairi Dotto Rangimoto wa Morogoro na Mwanangu Rudi Nyumbani. Kitabu cha Rangimoto ninakipendekeza bila masharti kwa yeyote anayedhani kwamba vina na mizani haviwezi kubeba mambo ya leo.

Ziraili na Zirani (1999) hapana, si kwa anayeanza. Mkufya anampeleka msomaji ahera, kwenye vita kati ya mbingu na jehanamu, na mijadala ya imani na ukanaji wa Mungu inachukua kurasa nyingi kwa mkupuo. Ni riwaya kubwa, na nafasi yake ni baada ya Nagona na Mzingile. Kwa Mkufya, mtu aanze na Ua la Faraja (2004). Inahusu UKIMWI jijini Dar es Salaam, katika miaka ambayo kupimwa kulikuwa sawa na kusomewa hukumu, na watu wake ni wa kawaida, wenye kazi, ndoa na majirani. Ni ndefu, lakini urefu wake hausumbui, kwa kuwa ugonjwa ule ulikuwa unamaliza ukoo mmoja mmoja, na Mkufya hakutaka kumwacha hata mtu mmoja afe bila ya sisi kumjua kwanza.